Maziwa ya Kina Gagnon

Kila asubuhi, Delphine Gagnon alikamua ng'ombe wao wanne kabla hajanywa kahawa. Mumewe, Rosaire, alizoa samadi na kutandika nyasi kavu. Maziwa yakishachujwa, mengine waliyaweka kwenye jokofu la kibanda chao kando ya barabara, mengine Delphine aliyagandisha kuwa jibini. Majirani walikuja kwa wakati wao, wakachukua chupa na kuacha malipo kwenye kopo. Kibanda hakikuwa na mlinzi. Ndivyo tulivyozoea kuuziana hapa Alderbrook, mji wetu mdogo kaskazini mwa jimbo la Maine, Marekani.

Siku moja ya vuli alikuja mkaguzi wa maziwa wa jimbo. Alikuwa mtu mpole. Alivua kofia mlangoni, akawaeleza kwamba kila anayeuza maziwa lazima awe na kibali. Ili kupata kibali, ilibidi wajenge chumba maalumu cha maziwa, chenye mabomba yake, masinki yake na sakafu ya kupitisha maji. Sheria ilikuwa moja kwa mwenye ng'ombe wanne na kwa mwenye mia nne. Mpaka watakapojenga, waache kuuza.

Kina Gagnon hawakuwa na uwezo wa kujenga. Wiki ile nguruwe wao walikunywa maziwa hadi wakasusa. Delphine aliona bora wauze ng'ombe, ingawa wote walizaliwa mikononi mwake. Rosaire hakutaka kusikia. Yeye alitaka waendelee kuuza kimya kimya, kwa mlango wa jikoni.

Jirani yao Amos Pottle, mfuga kuku, alimcheka.

"Rosaire, wewe hata kucheka huwezi kwa siri," alimwambia. "Utauzaje maziwa kwa siri? Mpigieni wakili."

Amos aliwaambia kuhusu chama cha kutetea wakulima wadogo. Mwaka uliotangulia, wakili wa chama hicho alikuwa amemsaidia alipozuiwa kuuza mayai barabarani. Delphine alipiga simu siku hiyohiyo.

Wakili aliitwa Noreen Levesque. Alikuja amevaa buti za mpira, akaenda zizini kwanza ndipo akaingia nyumbani. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akaongea taratibu.

"Msiuze kwa kificho. Mkijificha, hata haki mliyonayo itaonekana wizi. Na yule mkaguzi si adui yenu, anafanya kazi aliyotumwa. Akirudi, mpokeeni vizuri. Mwulizeni anafuata kifungu gani cha sheria. Msitie sahihi jambo msilolielewa. Mwambieni mna wakili, kisha mnipigie."

"Na hiyo sheria yenyewe je?" Rosaire aliuliza. "Si ndiyo inayotukaba?"

"Sheria ya jimbo letu ina mlango, ila wengi hawaujui. Mji ukitaka, unaweza kupitisha kanuni yake. Mkulima anamuuzia mlaji ana kwa ana, nyumbani kwake, chakula alichokitengeneza mwenyewe, bila kile kibali. Nyama haimo. Kupeleka madukani pia hakumo. Lakini maziwa, jibini, mkate, achari, hivyo vyote vimo."

"Nani anaipitisha?"

"Ninyi wenyewe. Kwenye mkutano mkuu wa mji, kwa kunyoosha mikono."

Kwanza ilibidi wakusanye sahihi za wakazi, ili jambo lao lijadiliwe mkutanoni. Delphine alikuwa mtu wa haya. Katika mikutano yote ya mji alikaa nyuma na kunyamaza. Sasa alipita nyumba kwa nyumba, na wengi walitia sahihi kwa moyo mmoja. Ndipo akafika kwa Winifred Tuttle.

Winifred alikuwa nesi mstaafu. Nusu ya mji huu alitudunga sindano, na neno lake lilikuwa na uzito. Alimkaribisha Delphine chai, akamsikiliza, kisha akaisogeza karatasi pembeni.

"Mdogo wangu alikufa kwa maziwa," alisema. "Si ya kiwandani, mwanangu. Ya ng'ombe wetu wenyewe, tuliyempenda."

Delphine aliichukua karatasi yake, akaaga. Alirudi nyumbani akampigia Noreen, akitumaini kupewa maneno ya kumshinda yule mama. Noreen alikataa. Alisema hofu ya Winifred ni ya kweli, kwa kuwa maziwa mabichi yanaweza kuua hata yakitoka kwa mtu mwema. Badala ya kubishana naye, Delphine amuulize angependa kuona nini.

Basi Winifred akaja zizini na miwani yake. Aliwataka waoshe kila kiwele kwa maji ya uvuguvugu na kukikausha kwa kitambaa safi, kila ng'ombe na chake. Maziwa ya kwanza ya kila chuchu wayakamulie pembeni na kuyaangalia. Yanayofaa yapozwe upesi. Sampuli zipelekwe maabara kila mwezi. Na kila chupa iandikwe wazi kwamba maziwa hayajachemshwa, na kwamba watoto, wazee na wajawazito wasiyanywe hivyo. Rosaire alinong'ona kwamba mkaguzi wa serikali alikuwa afadhali. Lakini aliyafanya yote.

Majibu ya kwanza ya maabara yalikuwa mabaya. Ng'ombe mmoja, aliyeonekana mzima kabisa, alikuwa na ugonjwa wa kiwele. Delphine aliketi kwenye ngazi ya zizi. Maziwa ya ng'ombe huyo walikuwa wameyauza miezi yote kabla ya kuzuiwa, na watoto wa majirani waliyanywa. Rosaire alisema wamtibu na wanyamaze, kwani mkutano ulikuwa umekaribia. Delphine alivaa koti, akaenda moja kwa moja kwa Winifred, akamweleza kila kitu.

Ng'ombe alitibiwa na maziwa yake yakamwagwa. Vipimo vilivyofuata vilikuwa safi.

Mkutano ulifanyika mwezi wa tatu, theluji ingali nje, katika ukumbi wa kikosi cha zimamoto. Hoja ya chakula ilipofikiwa, mzee mmoja alisimama akauliza kama kweli maziwa ya watu hawa ni salama. Wote waligeuka kumtazama Delphine. Alisimama huku ameshika kiti cha mbele yake.

"Hayakuwa salama, na sikujua," alisema. "Ng'ombe wangu mmoja alikuwa mgonjwa. Sasa tunapima kila mwezi, na majibu nitayabandika kibandani kila mtu ayaone, hata yakiwa mabaya."

Rosaire aliinamisha kichwa, akidhani mambo yameharibika. Ndipo Winifred akainuka.

"Mimi maziwa mabichi sinywi, na mjukuu wangu hayanywi," alisema. "Lakini huyu alikuja kunipa habari mbaya za zizi lake mwenyewe, na hakuna aliyemlazimisha. Mtu wa namna hiyo namtaka awe jirani yangu, na aendelee kufuga."

Akanyoosha mkono kabla mwenyekiti hajaita kura. Mikono mingine ikafuata, safu kwa safu. Kanuni ilipita.

Theluji ilipoyeyuka, mkaguzi alirudi. Aliisoma kanuni ya mji, akawaambia kina Gagnon wako huru kuuza shambani kwao, akawatakia heri. Mke wa Amos alianza kuuza mikate. Wakazi wa mji wa jirani walimwomba Delphine aende kuwaeleza jinsi tulivyofanya, naye akaenda.

Asubuhi ya kwanza ya kibanda kufunguliwa tena, Winifred alikuwa wa kwanza kufika. Alisoma majibu ya maabara ukutani, mstari kwa mstari, kisha akachukua chupa mbili.

"Nikifika nyumbani nitayachemsha," alisema.

"Yachemshe, mama," Delphine alijibu. "Ni yako hayo."