Nilimuuzia Shemeji Gari, Kadi Ikabaki na Jina Langu

Nina umri wa miaka hamsini na mbili, fundi seremala hapa Mafinga, baba wa watoto wanne. Shule niliishia darasa la saba; mengine nimejisomea mwenyewe. Kwenye karakana yangu hata kitanda cha mtoto hakitoki bila stakabadhi. Ndiyo maana nikikumbuka nilivyouza gari langu, hasira inanipanda upya!

Ilikuwa pikapu nyeupe niliyobebea mbao kwa miaka mingi. Askari wa barabara ya Iringa waliijua, nami walinijua kama mzee wa kanisa. Mdogo wa mke wangu, nitamwita Fidelis, mfanyabiashara wa mchele Rujewa, akaitaka. Alilipa yote siku hiyohiyo, nyumbani kwangu, mbele ya ndugu waliokuja kula chakula cha mchana.

Nikamwambia tuandikishane kwa wakili, kisha twende ofisi ya mapato tukabadilishe jina kwenye kadi. Akacheka sana.

"Shemeji, dada yetu tulikupa bila wakili, leo pikapu ndiyo inataka muhuri?"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Mke wangu aliona aibu. Jikoni akaniuliza kama namwona mdogo wake mwizi. Kwetu, kumdai shemeji karatasi mbele ya watu ni kumtukana. Nikampa ufunguo na kadi... yenye jina langu!

Kila nilipompigia kumkumbusha, jibu lilikuwa lilelile: "Tukimaliza kuvuna, shemeji." Kumbe lile jina alilitaka! Akisimamishwa njiani alitoa kadi na kusema gari ni la mzee wa Mafinga, wanampisha. Bima iliisha, hakukata nyingine. Angehangaika ya nini, wakati jina si lake?

Asubuhi moja polisi wawili waliingia karakana. Pikapu ilikuwa imemgonga mama anayeuza nyanya kando ya barabara kuu, Ipogolo. Dereva aliitelekeza akakimbia.

Nikasema niliiuza. Wakauliza mkataba uko wapi.

Mkataba! Mimi, ninayeandikia hata kigoda!

Nikampigia Fidelis wakisikiliza. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa: "Gari gani tena, shemeji? Mimi si niliazima tu mara moja?" Akakata simu.

Niliwekwa mahabusu. Mke wangu aliniletea uji huku analia. Wale ndugu waliocheka sebuleni, nikawaomba waje waseme walichokiona. Unajua walijibu nini? "Sisi tulikuja kula, mambo ya gari hatuyajui."

Aliyenitoa ni yule mama mwenyewe. Aliwaambia polisi kuwa dereva aliyemwona ni kijana, si mzee wa umri wangu. Lakini gari halikuwa na bima, na kwenye kadi mwenye gari ni mimi, hivyo matibabu yake yakaniangukia. Nimeuza mashine yangu ya randa. Mke wangu alikwenda Rujewa kumsihi mdogo wake... Alimjibu, "Mwambie mumeo alete mkataba." Dada yake wa tumbo moja! Alirudi, na tangu siku hiyo jina la Fidelis halitajwi nyumbani.

Nilikwenda hospitali kumwona yule mama. Mguu wake ulikuwa umekatwa chini ya goti. Akaniangalia, akauliza, "Baba, kwani wewe ni nani kwenye jambo hili?"

Nikasema mimi ndiye jina kwenye kadi.

Wasomaji wenzangu, nawasihi! Ukiuza gari, andikishaneni kwa wakili, nakala ibaki kwako. Nenda mwenyewe na mnunuzi mkabadilishe umiliki, usimwachie aende peke yake. Usitoe ufunguo hadi uone jina lake kwenye kadi, awe shemeji, awe mchungaji, awe mtoto wako wa kumzaa.

Watakucheka? Waache wacheke. Kile kicheko cha sebuleni kwangu kiliisha kabla wali haujapoa. Mama wa Ipogolo anatembelea magongo mpaka leo.