Mahali Pake Jukwaani

Saa mbili na dakika kumi asubuhi ya Jumamosi, fundi mitambo wa ukumbi wa maigizo aliwasha kompyuta yake akakuta faili moja haipo. Aliitafuta mara tatu, jasho likimchuruzika, kisha akaketi sakafuni. Faili hiyo ndiyo iliyokuwa Mama.

Inspekta alipofika saa tatu kasorobo ilibidi aelezwe polepole, maana yeye na michezo ya jukwaani wapi na wapi. Watazamaji wa onyesho hili huvaa miwani mizito ya kompyuta. Wakishaivaa huwaona waigizaji wa kweli jukwaani, na katikati yao humwona mtu wa nuru, anayetembea, anayecheka na kusema kama aliye hai. Mtu huyo alikuwa mwigizaji mkongwe, ambaye ukumbi mzima ulimwita Mama, aliyefariki miezi minne iliyopita. Walimrekodi kwa siku arobaini, naye tayari anaumwa. Sasa amefutwa, na saa kumi jioni wawekezaji wanakuja kutazama kile walichokitolea fedha zao.

"Nakala nyingine hakuna?" Inspekta aliuliza.

"Hakuna, afande. Masharti ya wawekezaji hayo. Walitaka nakala moja tu, isije ikaibwa ikaonyeshwa kwingine." Fundi mitambo alijifuta uso kwa kiganja. "Nilisema. Lakini nani anamsikiliza fundi?"

Inspekta alipanda jukwaani ili afike chumba cha mitambo kilichokuwa nyuma yake.

"Hapo usipite, afande!"

Inspekta alitazama chini. Sakafuni palikuwa na alama ya msalaba, ya utepe mwekundu.

"Ndipo Mama anaposimama," fundi alisema kwa aibu. "Sote tunapazunguka, hata kama hatujavaa miwani. Mtu unaona haya kumpita mwenzio katikati ya mwili."

Inspekta akazunguka. Alijiona mjinga kidogo, lakini alizunguka.

Mlango wa chumba cha mitambo hufunguliwa kwa kadi. Kitasa kilikuwa kimehifadhi muda kilipofunguliwa mara ya kwanza siku hiyo: saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, kadi ya fundi mitambo.

"Hii ni kadi yako."

"Kadi yangu, mkono si wangu. Saa hiyo nilikuwa kliniki na mke wangu, mpigie nesi umuulize. Kadi ilikuwa ndani ya koti, na koti lilikuwa chumba cha mavazi tangu jana, linabadilishwa zipu. Kadi nimeifuata humo saa mbili nilipofika."

"Nasikia onyesho likishaanza unaachishwa kazi."

"Kweli, na imeniuma sana. Lakini Mama ndiye aliyeniombea kazi hii. Ningemfutaje?"

Nesi alipopigiwa simu alithibitisha kila neno.

Mwekezaji mkuu, aliyewatangulia wenzake, alikuwa ameketi safu ya mbele, mtu mnene ndani ya suti mpya iliyombana. Inspekta aliketi kiti cha kando yake.

"Umekata bima ya onyesho wiki iliyopita. Na jana ulikuwa chumba cha mavazi, unapimwa suti. Koti lenye kadi lilikuwa limetundikwa humo humo."

"Bima ni ya moto na mafuriko! Soma mwenyewe." Alimtupia karatasi mapajani. "Niliuza maduka yangu mawili ya vipuri niingie humu. Ndugu zangu walisema nimerogwa. Nilivaa ile miwani mara moja tu, yule mama akaniangalia usoni, nikasema basi, mimi nipo. Leo unaniuliza kama nimemfuta?"

Alitoa leso akapenga kamasi kwa kishindo. Inspekta aliisoma karatasi mpaka mwisho. Kuhusu faili hamkuwa na neno hata moja.

Chumba cha mavazi kilikuwa upande wa pili wa jukwaa. Fundi wa mavazi, ambaye wote walimwita Mzee Sindano, alikuwa mume wa marehemu. Kando ya cherehani yake palikuwa na kikopo cha vidonge vya presha, ambacho hakijafunguliwa. Binti yao, mwigizaji aliyekuwa akicheza na taswira ya mamake, alikaa chini ya nguo zilizotundikwa. Miwani ilikuwa mapajani mwake na alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

"Huwa unafika saa ngapi?" Inspekta alimuuliza.

"Saa moja. Naongea naye kabla ya mazoezi. Leo nimechelewa, mtoto aliamka na homa."

"Una mtoto?"

"Wa miaka mitatu. Yuko na baba yake." Alisema kama anayetaja mtoto wa jirani.

"Mwezi wa pili huu hajamlaza mwanawe kwa mkono wake," Mzee Sindano alisema, bila kuinua uso. Kisha alikusanya nguo, akaweka mzigo kifuani, akavuka jukwaa kuzipeleka upande wa pili.

Inspekta alimfuata kwa macho. Mzee alipita juu ya utepe mwekundu.

Huenda ni uchungu, Inspekta aliwaza, habari kila mtu anazo sasa. Hata hivyo aliomba picha za kamera ya ukumbi. Kamera hiyo iliona jukwaa tu, mlango wa mitambo haikuuona. Aliitazama saa nzima, akairudisha nyuma, akaitazama tena. Alipomaliza alitamani angetumwa mwingine.

Saa tisa na nusu alasiri aliwaita wote jukwaani.

"Leo kabla ya saa moja, watu watatu walipita hapa," alisema. "Msafishaji, na ufagio wake, aliuzunguka utepe. Mwekezaji, aliyekuja kujaribu hotuba yake, aliuzunguka. Mzee, wewe ulivuka saa kumi na mbili na dakika thelathini na sita. Ulizunguka, tena ukasimama kidogo ukipatazama. Ulirudi saa kumi na mbili na dakika hamsini na mbili, na ukapita katikati. Saa hiyo hakuna mtu mwingine aliyejua kwamba hayupo."

Mzee Sindano alivua futi ya kupimia shingoni, akaikunja vizuri.

"Ni mimi. Kadi niliitoa kwenye koti."

"Baba?" binti alisema.

"Mimi ndiye niliyemshawishi arekodiwe. Yeye alikuwa amechoka, anataka kulala tu. Kiinua mgongo changu chote nilikiweka humu, nikajiona mjanja, kifo nimekipiga chenga. Kisha nikaanza kukuona wewe. Kila asubuhi unamsimulia shida zako, naye anakujibu maneno yale yale ya mchezo. Mwanao anakuita husikii. Kaburini hujafika hata siku moja. Nikaona wewe nawe unanitoka hivi hivi nikiangalia."

"Ungeniambia!"

"Nilikuambia, mwanangu. Mara ngapi?" Aliitia futi mfukoni. "Nilivaa miwani, nikamuaga, nikabonyeza."

"Umemuua mara ya pili," binti alisema, akampa mgongo akaondoka kuelekea chumba cha mavazi.

Mwekezaji aliketi ukingoni mwa jukwaa, na maduka yake hakuyataja. Inspekta hakutoa pingu. Alimshika mzee kiwiko tu, wakashuka, wakaanza kutembea kuelekea mlango wa nje.

Walikuwa wameshaufikia waliposikia mbio nyuma yao. Binti alikuwa ametokea chumba cha mavazi, kikopo cha vidonge mkononi.

"Baba! Dawa hujanywa tangu asubuhi!"

Alikimbia kukata jukwaa kwa njia ya mkato, akaukanyaga utepe mwekundu katikati, wala hakutazama chini.

Mzee Sindano aliona. Alikipokea kikopo kwa mikono miwili na kulia kwa sauti, mabega yakitikisika. Binti alidhani analilia kukamatwa.

"Kunywa kwanza," alimwambia, akimfuta machozi kwa upindo wa kitambaa chake. "Kesho nitakuja na mtoto tukuone."

Inspekta alifungua chupa yake ya maji, akampa mzee, akasubiri ameze.