Kitanda cha Kipimo cha Blanketi

"Hilo halipandi humu," Verlyn alisema, drili mkononi. "Ni zito."

Arlys alisimama mlangoni mwa basi, amelikumbatia blanketi la viraka kama mtoto aliyelala.

"Ni blanketi letu la harusi, Verlyn."

"Najua. Lakini basi halijui harusi, mama. Linajua uzito. Humu nimepima kila kitu, hata vijiko."

"Na mimi umenipima?"

Verlyn akacheka, akidhani ni utani.

Tangu theluji ya North Dakota iyeyuke, alikuwa akiligeuza lile basi kuukuu la shule kuwa nyumba, ili baridi ikirudi wao wawe Arizona wakiota jua na wastaafu wenzao. Maisha yake yote aliezeka mapaa, na mbao zilimtii. Jiko alilipanga dirishani, Arlys apike akiona barabara. Droo alizitia vifungo zisifunguke kwenye kona. Chini ya rafu aliliweka sanduku lake la vifaa vya kuezekea.

"Njoo uone huku nyuma," alisema kwa majivuno.

Arlys akaingia, akasimama.

"Vitanda viwili?"

"Raha tupu! Kimoja kulia, kimoja kushoto, basi halilemei upande. Si wewe unayesema nakoroma kama trekta? Sasa kila mtu na kwake. Na mablanketi mepesi nimeshanunua."

Arlys aliutazama ule ujia katikati ya vitanda.

"Unaikumbuka ile pikapu?"

Angeisahau vipi? Siku za fungate yao walilala nyuma ya pikapu, milimani, barafu juu ya turubai, na juu yao blanketi hilohilo walilolishona akina mama wa kanisani.

"Taabu tupu ile," Verlyn alisema. "Mgongo uliniuma wiki nzima. Ndiyo maana sasa nataka ustarehe."

"Sawa," Arlys alisema, akarudi ndani ya nyumba na blanketi lake.

Verlyn alipokwenda kula, gari halikuwepo. Bakuli la nyama na viazi lilikuwa bado la moto, na simu ikalia, ujumbe umeingia:

"Niko kwa Jorunn. Nenda Arizona salama. Ukihisi upweke, kuna kitanda cha pili."

Akapiga. Akapokea Jorunn, dada yake Arlys.

"Shemeji, umemfanya nini dada yangu?"

"Nimemtengenezea kitanda!"

"Umemtengenezea wodi, wewe mzee. Anasema mlianza mmebanana, sasa unamwekea njia ya kupita nesi."

"Mpe simu."

"Anasukuma mikate ya viazi."

"Ya nini? Hiyo ni ya Krismasi, na Krismasi bado!"

"Ya hasira. Meza imejaa."

Verlyn alirudi kwenye basi, akajilaza kwenye kitanda chake. Akanyoosha mkono kuvuka ujia. Haukufika. Akajivuta, akanyoosha tena, vidole vikabaki hewani.

"Mjinga mimi," alisema kwa sauti. Akafuata nyundo.

Alivunja vyote viwili, akajenga kimoja, kikavuka basi ukuta hadi ukuta. Upana hakuhitaji kuupima. Miaka yote hiyo, akilivuta blanketi yeye, Arlys alibaki wazi. Akilivuta Arlys, yeye alitetemeka. Liliwatosha watu waliokumbatiana tu.

Siku ya tatu akaliendesha basi hadi uani kwa Jorunn, akapiga honi. Arlys akatoka, unga hadi kwenye viwiko.

"Unaamsha mji mzima!"

"Lete blanketi."

"Si zito?"

"Lilete, mwanamke!"

Akalileta. Wakalitandaza. Likafika ukingo hadi ukingo, wala halikuzidi.

Arlys akaupitisha mkono juu ya viraka, polepole.

"Chembamba hiki. Mgongo utakuuma."

"Na uume."

"Na kukoroma?"

"Utanipiga kiwiko, kama zamani."

Arlys akajilaza, viatu miguuni. Verlyn akajipenyeza kando yake, godoro likalia.

"Sogea, babu."

"Nisogee wapi? Ukuta huu hapa!"

Wakacheka mpaka Jorunn akachungulia mlangoni, akatikisa kichwa, akaondoka zake.

Kisha Arlys akaona pengo chini ya rafu. Pale ndipo lilipokaa lile sanduku la vifaa vya kuezekea, alilorithi Verlyn kwa baba yake, ambalo hakuwahi kuliacha akisafiri, hata kwenye fungate.

"Sanduku lako liko wapi?"

Verlyn akavuta blanketi, akamfunika yeye kwanza.

"Nimeliacha nyumbani," alisema. "Lilikuwa zito."