Ngoma ya Bi Mwanatabu

Ngoma zote za Likoni hupashwa moto kabla ya kupigwa, ngozi ikaze, zisije zikalia kama debe bovu mbele za watu. Ile haikuhitaji moto. Mwidani aliishusha kutoka darini mwa jiko la bibi yake, marehemu Bi Mwanatabu, akafungua kitambaa chekundu kilichoifunika, akaweka kiganja juu ya ngozi na kuikuta ina vuguvugu, tena vuguvugu la mwili, na mafiga ya jiko lile hayakuwa yamekokewa moto tangu kikongwe azikwe. Akajiambia ni jua. Makuti ya paa yalikuwa mapya na mazito, lakini ndivyo alivyojiambia.

Dada yake, Dhahabu, alisimama mlangoni, kanga ameikaza mabegani.

"Kaka, irudishe."

"Niirudishe nipige nini? Yetu imepasuka, na sherehe ya Uhuru ni wiki hii."

"Bibi hakuipeleka hata harusini. Alikuwa akiwapigia wagonjwa."

"Bibi amekufa, Mungu amrehemu. Na hii ni ngozi ya ng'ombe, Dhahabu. Ng'ombe naye amekufa."

Mwidani ndivyo alivyokuwa: seremala hodari, mpiga gitaa hodari zaidi, na kichwa kigumu kuliko mvule aliokuwa akiuranda. Bendi ya Mtongwe Jazz ilikuwa yake. Kioko, Mkamba aliyefanya kazi kiwandani Changamwe, alipiga ngoma. Bakari, fundi cherehani, alipuliza tarumbeta. Dhahabu, aliyefiwa na mume kabla hata hina ya harusi haijafutika, aliimba, na kwa kweli watu walimfuata yeye, si wao. Hakuna aliyelipwa cha maana. Walikutana baada ya kazi, uani kwa Mwidani, wakacheka, wakagombana, wakapiga.

Sifa yao kubwa ilikuwa kukata wimbo. Bendi nyingine ziliuacha wimbo ufifie kidogo kidogo. Wao, Mwidani akikanyaga chini kwa kisigino, vyombo vyote na sauti ya Dhahabu vilinyamaza papo hapo, na watazamaji wakaruka kwa mayowe. Mwidani aliipenda ile sekunde ya kimya kuliko wimbo wenyewe. Kwa hiyo alasiri ile, baada ya kuonja wimbo mara moja, akasema leo ni mazoezi ya kukata tu.

Wakapiga. Akakanyaga. Wote wakanyamaza, kisha ngoma ikalia mara moja zaidi.

"Kioko!"

"Si mimi." Kioko alikuwa ameinua mikono yote miwili.

Wakarudia. Akakanyaga, ngoma ikaongeza mdundo wake, mzito, wa chini chini, na uani pakanuka damu mbichi iliyochanganywa na marashi ya waridi. Bakari akafunika pua. Kioko akasema kwa sauti ndogo, "Mwidani, hata kwetu Machakos, nyanya yangu akipigiwa kilumi, ngoma ya mizimu haikatwi namna hii. Inaachwa imalize."

"Hapa si Machakos. Tena!"

Na tena, na tena, mpaka jua likalala juu ya minazi ya Mtongwe. Kila alipokanyaga, shingo ya Dhahabu ilishtuka kama iliyovutwa kwa kamba, na Mwidani aliona, wallahi aliona, lakini alikuwa akiisikiliza ile sekunde yake ya kimya aliyonyimwa na mdundo mmoja usio na mwenyewe, na ukaidi ulimpanda mpaka akakanyaga kwa nguvu iliyompasua kisigino.

Safari hii ngoma ilinyamaza. Dhahabu hakunyamaza.

Sauti iliyomtoka ilikuwa ya kiume, nene, isiyovuta pumzi. Bakari akamsogelea, akamwita, "Dada Dhahabu, dada," na Dhahabu akaushika mdomo mpana wa tarumbeta iliyokuwa bado mbele ya midomo ya Bakari, akaisukuma kama mtu anayegongomea msumari, mara mbili, na meno ya Bakari yakamwagika mchangani. Kioko akaruka akimbie. Dhahabu akamnasa mkono wa kulia, akamtazama kwa upole kabisa, akavigeuza vidole vyake nyuma kimoja baada ya kimoja, na kila kimoja kilipovunjika alitikisa kichwa kama anayehesabu mapigo. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Umeniita," ile sauti ikasema. "Nikifika, unanifungia. Umeniita tena. Mchezo gani huu?"

Mwidani alitaka kuomba dua, na hata bismillahi ilimkimbia. Mkono wake ndio uliojua la kufanya. Uliangukia ngozi ya ngoma, ukapiga, na Dhahabu akakaa chini, akaanza kuyumba.

Jirani mmoja akamvusha Bakari kwa feri kwenda hospitali ya kisiwani. Mwingine akakimbia mtaa wa Shika Adabu kumwita Bi Jumwa, ajuza aliyekuwa msaidizi wa Bi Mwanatabu tangu usichana wake. Alikuja na beberu na chetezo cha ubani. Aliitazama ngoma, akamtazama Dhahabu, akapiga magoti.

"Mmemkatiza mara ngapi?"

"Sijui, bibi. Jioni nzima."

"Ee Mola wangu." Alinong'ona, mdomo karibu na sikio la Mwidani. "Sikiliza, mjukuu wangu, wala usiache kupiga. Ngoma hii ukishaianza, jini anapanda kichwani mwa mtu, anasema, anakula, kisha anashuka mwenyewe kwa hiari yake. Wewe umemrudisha njiani kila mara. Sasa atadai ngoma yake yote. Ukinyamaza kabla hajashuka, atatoka, lakini atatoka naye."

"Nitajuaje ameshuka?"

"Dada yako ataomba maji. Jini huyu hanywi maji. Dhahabu akiomba maji na akayameza, hapo ndipo uweke mikono chini, si kabla."

Beberu hakuchinjwa. Bi Jumwa alikuwa bado anatafuta kisu Dhahabu alipomrukia mnyama yule, akamtafuna koo akiwa hai, akanywa huku miguu ya beberu ikimpiga tumboni, na alipoinua uso, damu ikimchuruzika kidevuni mpaka kifuani, alicheka kicheko cha mtu aliyekaribishwa vizuri.

Mwidani akapiga. Alipiga usiku huo, akapiga kesho yake. Kioko, vidole vimefungwa vijiti, alimpokea kwa mkono wa kushoto Mwidani alipotaka kunywa uji au kwenda haja, na hapo walipobadilishana mikono Dhahabu aliinuka nusu, macho yamegeuka meupe, akawasubiri wakosee. Mara moja Kioko alisinzia. Mdundo mmoja ulichelewa, mmoja tu, na Dhahabu akajipigiza paji la uso ukutani mpaka ukuta wa udongo ukabaki na alama, na Mwidani akaruka juu ya ngoma akipiga kwa viganja, kwa viwiko, akilia kama mtoto, "Nisamehe, nisamehe, usimtese, nitese mimi!" Jini hakutaka msamaha. Alimtaka apige, basi.

Majirani walihamisha watoto wao. Kioko akashikwa na homa, akalala ukumbini akiweweseka kwa Kikamba. Ngozi za viganja vya Mwidani zilibanduka, zikabaki juu ya ngoma, na ngoma ilizinyonya, haikuonyesha hata doa. Alikuwa amekoma kusikia maumivu. Alisikia jambo moja tu, pumzi za dada yake, na kila pumzi ilipopanda aliishukuru kwa jina.

Ikafika siku ya Uhuru. Tangu asubuhi Likoni yote ilikuwa ngoma, vigelegele, honi za feri, na fataki walizowasha vijana njiani. Mwidani alipiga katikati ya kelele hizo akiwa peke yake na Bi Jumwa, na ilikuwa adhuhuri alipoona jasho. Jasho la kawaida, kwenye mdomo wa juu wa Dhahabu. Mboni zake zikateremka mahali pake. Harufu ya damu ikapungua uani, ikaja harufu ya mafuta ya nazi ya nywele zake.

"Kaka," Dhahabu akasema kwa sauti yake. "Nina kiu."

Bi Jumwa akaziba mdomo kwa kanga kuzuia kilio. "Piga, mjukuu wangu, piga, nakuja," akakimbilia mtungi uliokuwa jikoni.

Mwidani alitabasamu huku akipiga. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutabasamu tangu aishushe ngoma ile, na dada yake akamrudishia tabasamu, dhaifu, ameegemea ukuta.

Mlango wa ua ukasukumwa. Waliingia kwa wingi, wageni tupu, watu waliokuwa wakielekea uwanjani na bendera za karatasi, wakasikia ngoma tamu wakaifuata. Wakamzunguka wakicheza. Wanawake wakapiga vigelegele. "Mtongwe hawana mchezo!" mmoja akapaza sauti. "Tazama mpigaji anavyolia kwa furaha!"

"Msiniguse!" Mwidani akajaribu kupiga kelele. "Jamani, msiniguse, nawaombeni!" Sauti ilikuwa imemkauka kitambo, midomo ilichezacheza tu, na wao wakadhani anaimba nao.

Kuli mmoja, pande la mtu, macho yamejaa machozi ya furaha ya kweli, akamjia kwa nyuma, akamkumbatia, akaishika mikono yake yote miwili na kuiinua juu kabisa.

"Uhuru!" akanguruma, na umati wote ukaitikia.

Mwidani alimpiga kichwa, akamuuma, akapiga mateke hewani. Kuli akacheka, akamwinua na mwili mzima. Kutoka huko juu, juu ya vichwa na bendera, Mwidani alimwona Dhahabu akimtazama kwa macho yake mwenyewe, macho yaliyoelewa kila kitu, na kichwa chake kikaanza kugeuka kando taratibu, kikafika pale shingo ya mtu inapokomea, na kikaendelea. Mlio wake ulikuwa mkavu, mmoja. Watu wakadhani ni fataki, wakashangilia.

Bi Jumwa alitokea mlangoni na kata ya maji. Akayamwaga chini.

Kuli alipomtua, Mwidani alitambaa mpaka kwenye ngoma akaanza kupiga upya, haraka, kwa mifupa ya viganja. Bi Jumwa akamshika bega. "Acha, mjukuu wangu. Amekwisha kwenda naye." Hakuacha. Ngozi chini ya mikono yake ilikuwa baridi sasa, ngozi ya ng'ombe tu, na watu waliojaa ua wakaendelea kuicheza, wakimsifu, mpaka mmoja wao alipokwenda kumwinua yule mwanamke aliyeegemea ukuta ili naye acheze.