Mkono Uliotulia

Yaliyompata rafiki yangu Sylvanus, muuza spea wa Arusha, sikuyatia chumvi. Enzi za ruksa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, ugonjwa wa Parkinson ulimtetemesha mkono hadi chai ikawa inaishia kwenye shati. Madaktari wa Ulaya, kwa majaribio, wakampandikiza ubongoni chembe hai kutoka kwenye vijusi vya mimba zilizotolewa. Akarudi ametulia tuli. Kanisani alisema ni maombi, na walipomwimbia aliinamisha uso, akiomba wasijue kamwe.

Jumatatu alikwenda kuhuisha leseni ya duka. Karani akalinganisha saini.

"Shikamoo mzee. Hii siyo yako. Yako inatetemeka."

"Marahaba. Nimepona, mama."

"Serikali haina taarifa. Hebu tetemeka kidogo."

Foleni ikacheka. Hedwiga wa kwaya, aliyesimama nyuma yake na mtoto mgongoni, akamtetea. "Huyu ameponywa kwa maombi! Kanisa zima ni shahidi!"

Sylvanus akatamani ardhi ipasuke immeze.

Umeme ukakatika. Ofisi haikuwa na dirisha, ikawa giza totoro. Ndipo ikasikika sauti ya kunyonya, ya pupa, kama ya kichanga chenye njaa.

"Mama, mwanao huyo mpe ziwa," karani akasema.

"Wangu amelala," Hedwiga akajibu polepole.

Sylvanus alitaka kuuliza ni nani basi, lakini kinywa chake kilikuwa kimejaa. Taa zilipowaka, wote walikuwa wanamtazama. Mkono wake uliotulia ulikuwa usoni, kidole gumba kimezama mdomoni, naye alikuwa hawezi kuacha kunyonya.