Nyumba Iliyozungushiwa Wino

Muzamil alikuwa ametandika turubai stendi ya Bunda, siku ya gulio, akiuza ramani za mji huo za zamani alizozichapa upya. Shamsia alikuwa akikimbilia mzigo wake wa vitenge kwenye basi. Alisimama kutazama, dera la zambarau, hina mbichi mkononi, akaweka ukucha juu ya kijumba kimoja pale Kabasa.

"Hii nyumba ya babu yangu."

"Basi hii haiuzwi tena," Muzamil akasema, akaizungushia wino nyumba ile, akaikunja ramani na kuiweka kando.

Maneno ya mfanyabiashara hayo, lakini yalimwingia. Wakaanza kupigiana simu, yeye Bunda, kijana Musoma kwenye mashine zake, wote wawili hawajui kutulia. Mzee Salum, baba yake Shamsia, akachoshwa na minong'ono. Alisema washenga waje Jumapili kabla ya alasiri. Wasipokuja, asilisikie tena jina la Muzamil nyumbani kwake.

Jumapili pilau liliiva mapema. Shamsia alikaa, akasimama, akafuta meza aliyokwisha kuifuta, akachungulia barabarani. Adhuhuri ikapita. Akapiga simu.

"Mpenzi, wageni wako wapi?"

"Mbona wamefika kitambo? Baba mdogo Amini kanipigia sasa hivi, wanakula."

Shamsia akaangalia sufuria. Kifuniko kilikuwa hakijaguswa.

"Wanakula kwa nani, Muzamil?"

"Si hapo kwenu."

"Kumbe mnaposa nyumba mbili siku moja."

Akazima simu, akajifungia chumbani akalia kwa uchungu.

Hapo Muzamil akang'amua kosa lake. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kukanyaga kwao Shamsia, maana mchumba haendi ukweni kabla ya posa. Washenga aliwapa ramani ile yenye wino, wala hakuwahi kuuliza kama nyumba ya babu bado ni yao. Akadandia pikipiki. Kiabakari, katikati ya njia ya Bunda, aliipita bila kuiona.

Kule Kabasa, mwenye nyumba ile ya wino alikuwa muungwana: mgeni haulizwi shida yake kabla ya kula. Baba mdogo Amini alishiba ndipo akataja kwamba wamefuata binti. Mwenyeji akajikuna kichwa. Binti anaye, akasema, anaitwa Sabiha, lakini yuko darasa la pili. Mzee Salum alimuuzia nyumba hii zamani, akahamia ng'ambo ya barabara kuu. Mwenyeji huyo ndiye aliyemwelekeza Muzamil alipofika anahema, akaichukua ramani yake, washenga wakamfuata.

Adhana ya alasiri ilikwisha kulia. Mzee Salum alisimama mlangoni.

"Umechelewa, kijana."

Muzamil hakujitetea. Alifungua ramani, akaeleza ujinga wake wote. Mzee aliitazama, kidole kikatua kwenye wino.

"Nilizaliwa hapa," akasema, sauti imeshuka. "Tangu niiuze sijapita tena njia ile. Hao washenga wako, wamepokewa vizuri?"

"Wamelishwa, mzee, kabla ya kuulizwa jina."

Mzee Salum akapangusa macho. Akasema nyumba ile wakati wa baba yake haikuwahi kumwacha mgeni akaondoka na njaa, na anashukuru desturi haikuuzwa na matofali. Kisha akamwita binti yake, aamue mwenyewe.

Shamsia alitoka, macho mekundu, gauni jipya limejikunja.

"Unauzia watu ramani za mji usioujua," alimwambia. "Wako wapi hao wazee?"

"Nje. Wanaona aibu. Halafu wameshiba."

Shamsia akajifunga kanga kiunoni.

"Waambie waingie. Na pilau langu watalimaliza, mpaka ukoko."