Presha ya Saa Nne na Dakika Ishirini

Mgeni aliingia ofisini kwa Inspekta Zuleha bila hodi, kanzu yake imejaa vumbi la Maramba.

"Naitwa Massoud, afande. Mke wangu Samira kafa jana asubuhi, akizalishwa kwa upasuaji. Mtoto mzima. Simziki mpaka nijue kilichomuua."

Kabla ya adhuhuri Zuleha alikuwa kwenye hospitali alikofia Samira, katika kijichumba kisicho na dirisha. Massoud aliketi nje, kwenye benchi la ukumbini. Mbele ya Zuleha alikaa Methusela, mtaalamu pekee wa usingizi hospitalini hapo.

"Ulimchoma ganzi ya uti wa mgongo?"

"Ndiyo."

"Hatari yake?"

"Presha hushuka ghafla. Mapigo ya moyo nayo hupungua. Unampa dripu, unamwinamisha ubavu wa kushoto ili mimba isikandamize mshipa mkubwa, unashika sindano ya efedrini, dawa ya kupandisha presha. Na huondoki."

"Uliondoka?"

"Tazama karatasi ya vipimo vyake. Kila dakika tano, mia na ishirini kwa themanini."

Zuleha aliitazama. "Mkunga aliyekuwapo anasema Samira alikata roho saa nne na robo. Saa nne na dakika ishirini umeandika mia na ishirini kwa themanini. Maiti ana presha nzuri kunishinda mimi?"

Methusela akafunika uso.

"Kazi zikizidi naijaza mapema, yote. Chumba cha pili mama mwingine alikuwa anavuja damu. Nilimwambia Samira, 'Sitoki hapa.' Nikatoka. Niliporudi moyo umesimama. Efedrini ilikuwa mfukoni mwangu, afande."

"Ukaficha."

"Nikifungwa, nani atabaki?"

Mlango ukagongwa. Muuguzi alikuwa akihema. "Methusela, kuna mama, mtoto amekwama!"

Zuleha alikwisha kutoa pingu.

"Niache nikamchome," Methusela alisema. "Nikimaliza nitamwambia Massoud mwenyewe. Kisha nifunge."

"Chumba cha upasuaji kina mlango wa nyuma."

"Kinao."

Zuleha akazirudisha pingu kiunoni.

Kupitia kioo cha mlango alimwona akimwinamisha mgonjwa kushoto, sindano mkononi, macho kwenye mashine. Namba zilishuka. Akasukuma dawa. Zikapanda. Mtoto akalia, nyuzi zikashonwa, naye hakusogea.

Hatimaye mlango ukafunguka. Wa mbele.

Methusela alipita mbele ya Zuleha, akapiga magoti kando ya benchi.

"Bwana Massoud," alisema, "nilimwambia mkeo sitoki. Nikatoka."

Kisha akamnyooshea Zuleha mikono.